Je, Sifa Huzaliwa na Fimbo?

Leo nataka kukusimulia habari ya mchezo mmoja wa televisheni. Yamkini hukuuona, na yamkini hutauona kamwe, wala si neno. Mimi mwenyewe niliuona kwa bahati tu. Kijana mmoja wa kigango chetu, asomaye chuo huko mjini, alirudi likizo na kompyuta yake, akaniambia, "Mwalimu, njoo jioni nikuonyeshe kichekesho cha Wamarekani." Basi baada ya mazoezi ya kwaya tukakusanyika watu saba katika ofisi ya parokia, tukafunga dirisha, tukaketi kucheka.

Hatukucheka sana. Ulipokwisha, mama mmoja wa kwaya alikuwa amejifunika uso kwa ukingo wa khanga, na katekista wetu wa zamani, mzee wa miaka sabini na kitu, alikuwa amekasirika. Tulibishana mpaka taa ikaanza kufifia. Tangu siku ile nimesoma na kuuliza nijue wenyewe huko Marekani waliupokeaje mchezo ule. Nimeona kwamba hata wao walibishana kama sisi, na kwa maneno yasiyo mbali sana na yetu.

Huenda utaniuliza, karani wa parokia na michezo ya televisheni wapi na wapi? Nami nitakujibu kwamba Kanisa halikukikataa chombo hiki. Papa Pius wa Kumi na Mbili aliandika waraka mzima mwaka 1957 juu ya sinema, radio na televisheni, na mwaka 1958 akamweka Mtakatifu Klara wa Assisi kuwa msimamizi wa televisheni. Yasimuliwa kwamba Klara alipokuwa mgonjwa kitandani usiku wa Noeli, hakuweza kwenda kanisani, akaiona ibada yote kama iliyochorwa ukutani pa chumba chake. Kwa hiyo tusione haya kuutazama ukuta. Lililo muhimu ni kujua tunatazama nini.

MTU ALIYEKWENDA KUCHUKUA PIANO

Mchezo huo waitwa Atlanta, kwa jina la mji mkubwa wa jimbo la Georgia, Marekani ya kusini. Aliyeutunga ni Donald Glover, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1983 na kulelewa karibu na mji huo. Ni mtu wa kazi nyingi: huandika, huigiza, hutengeneza filamu, tena ameimba kwa jina la Childish Gambino. Mchezo ulianza kuonyeshwa Septemba 2016 katika stesheni iitwayo FX, ukaisha Novemba 2022. Ni habari za kijana mmoja, Earn, anayesimamia kazi za binamu yake mwimbaji, pamoja na rafiki yao mpole aitwaye Darius. Wanatafuta fedha na jina, na kila wanapoligusa jina hilo linawaunguza vidole.

Sasa, uelewe jambo moja. Mchezo huu huhesabiwa kuwa wa kuchekesha, lakini mambo yake huenda kama ndoto. Katika sehemu moja mjomba amefuga mamba ndani ya nyumba. Katika nyingine gari lisiloonekana kwa macho lapita katikati ya watu na kuwaangusha. Hakuna anayekueleza kwa nini. Ukitaka kila kitu kielezwe, utachoka upesi.

Sehemu tuliyoiona sisi ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 5 Aprili 2018, nayo yaitwa Teddy Perkins. Usiku ule ilifanyika jambo lisilo la kawaida. Televisheni za Marekani hukata mchezo kila baada ya dakika chache ili kutangaza sabuni na magari, na hapo ndipo watu huinuka kunywa maji. Usiku ule hapakuwa na tangazo hata moja. Mtazamaji aliingia nyumba ya Teddy Perkins asipate mlango wa kutokea mpaka mwisho, zaidi ya nusu saa.

Kisa chenyewe ni hiki. Darius amesikia kwamba kuna mtu anatoa piano bure, na vibao vyake vya kubonyeza vina rangi mbalimbali badala ya nyeupe na nyeusi. Akodi lori, aenda peke yake. Afika kwenye jumba kubwa, la kimya, lenye giza la mapazia. Mwenye nyumba ajitokeza gizani. Ni Teddy Perkins. Uso wake ni mweupe, si weupe wa Mzungu, bali weupe wa mshumaa, umevutwa na kukazwa kama ngozi ya ngoma. Sauti yake ni nyembamba na ya adabu nyingi. Amwekea mgeni yai la mbuni mezani, alivunja kwa juu, aingiza vidole na kula. Mama wa kwaya hapo ndipo alipoanza kujifunika.

Teddy asema ana ndugu, Benny Hope, aliyekuwa mpiga piano mashuhuri zamani. Ndugu huyo ni mgonjwa wa ngozi, hawezi kuliona jua, haonekani. Jumba hilo Teddy anataka kuligeuza nyumba ya makumbusho, na tayari ametenga kiduka cha kuuzia wageni vitu vya ukumbusho. Kisha amwongoza Darius hadi chumba kimoja. Humo mmesimamishwa sanamu ya mwanamume aliyevaa suti, haina macho, haina mdomo. Ni ukumbusho wa baba yao. Baba huyo aliwafundisha muziki kwa kuwapiga, na Teddy hamlaumu hata kidogo, bali amshukuru. Awataja na akina baba wengine wa watu mashuhuri: baba yake Michael Jackson, baba yake Marvin Gaye, baba yake Serena Williams, baba yake Tiger Woods. Kwa Teddy, maumivu makubwa ndiyo yazaayo mambo makubwa. Chumba kile ni kama kanisa lake.

Yaliyobaki nitayapita mbio. Darius akutana na Benny kwa siri. Yuko katika kiti cha magurudumu, uso umefungwa bendeji, naye amwandikia kwa chaki kwamba Teddy atawaua wote wawili. Darius ajaribu kuondoka, ashindwa. Afungwa pingu kitini, bunduki mbele yake. Hapo ndipo anena maneno ambayo watazamaji wengi wameyakumbuka kuliko yote. Amwambia Teddy kwamba baba yake alipaswa kumwomba radhi, na kwamba si kila kitu kizuri hutoka katika maumivu, maana vingine hutoka katika upendo. Amtaja Stevie Wonder, mwimbaji kipofu tangu uchanga wake. Tena nyimbo zisikikazo mwanzoni na mwishoni mwa sehemu hii ni za Stevie Wonder huyo huyo, za mwaka 1972. Mwishowe Benny atokea na bunduki, ampiga Teddy, kisha ajiua mwenyewe. Polisi waja, watoa maiti mbili chini ya shuka, na ile piano nayo wanaichukua. Darius atazama tu.

WALIVYOSEMA WALIOUONA

Jambo la kwanza lililowashangaza Wamarekani ni kwamba wengi hawakujua Teddy Perkins ni nani. Alikuwa Donald Glover mwenyewe, chini ya ngozi ya bandia na rangi. Lakini majina ya waigizaji yalipopita mwishoni, paliandikwa kwamba Teddy Perkins ameigizwa na Teddy Perkins. Wako waliomtambua kwa macho, wako waliomtambua kwa sauti, na wako waliolala bila kujua wakasoma magazetini kesho yake. Tena yasimuliwa na waliokuwapo kazini kwamba Glover hakuivua tabia ile hata wakati kamera zimezimwa, na kwamba wenzake walimwita Teddy siku nzima.

Jambo la pili ni hofu. Watu walikuwa wamekaa kutazama kichekesho, wakakuta kitu cha kutisha. Wengi walikifananisha na filamu ya Jordan Peele ya mwaka 1977, la, nasahihisha, ya mwaka 2017, iitwayo Get Out, ambayo nayo yaonyesha mtu mweusi akinaswa katika nyumba ya watu wenye adabu nyingi. Na LaKeith Stanfield, aliyemwigiza Darius, alikuwamo katika filamu hiyo pia. Wengine, wazee wa sinema, walikumbuka filamu ya mwaka 1962, What Ever Happened to Baby Jane?, ya ndugu wawili wa kike waliokuwa na sifa zamani, mmoja kitini cha magurudumu, wakiozeana nyumba moja.

Na jambo la tatu, ambalo lilinifurahisha kwa sababu lilitokea ofisini kwetu neno kwa neno, ni lile swali: mbona haondoki? Watazamaji wa Marekani waliuliza hivyo tangu yai la mbuni. Mama wa kwaya aliuliza pia, tena kwa sauti: "Toka humo mwanangu, piano ya bure haijawahi kumfaa mtu!" Lakini Darius alikaa. Alikaa kwa sababu aliitaka ile piano. Mimi naona jibu hilo latosha, na mtu yeyote aliyewahi kungojea kitu cha bure mpaka jua likatua atamwelewa.

Kulikuwa na waliolalamika. Wako waliosema huo si mchezo wa kuchekesha tena, wamedanganywa. Wako waliouliza kwa nini mtu mweusi ajipake weupe. Swali hili lina historia nzito kule, maana tangu miaka ya 1830 na kuendelea waigizaji Wazungu walijipaka masizi usoni wakawadhihaki watu weusi jukwaani, watu wakalipa kuona. Wengine walijibu kwamba Glover amekigeuza kitu kile juu chini ili aonyeshe mtu aliyejichukia mpaka akajifuta.

Hata hivyo wataalamu waliusifu. Mwaka ule ule Christian Sprenger, mpiga picha wa sehemu hii, alipewa zawadi ya Emmy kwa kazi yake. Na usiku wa zawadi kubwa, tarehe 17 Septemba 2018 mjini Los Angeles, watu waliona kioja. Kati ya wageni waalikwa alikuwa ameketi Teddy Perkins, na uso wake ule ule, na suti yake, kana kwamba yu mtu kweli. Nani alikuwa ndani ya uso ule? Watazamaji walibishana usiku kucha. Mtu aliyebuniwa ili kuonyesha ubaya wa sifa, naye akaalikwa kwenye karamu ya wenye sifa.

MICHAEL JACKSON NA BABA YAKE

Karibu kila mtu aliyeuona mchezo huu alimtaja Michael Jackson. Sisi pia. Na hapa, msomaji, habari yatukaribia zaidi, kwa maana mtu huyo alipata kukanyaga nchi yetu. Alikuja Dar es Salaam Februari 1992, katika safari iliyompitisha Gabon na Ivory Coast, akapokewa na Rais Ali Hassan Mwinyi. Wakati huo sisi wa Bara hatukuwa na stesheni ya televisheni hata moja. Zilianza mwaka 1994. Walimjua kwa kaseti, magazeti na mikanda ya video, lakini walimjua. Tena wimbo wake mmoja, Liberian Girl, waanza kwa maneno ya Kiswahili yaliyosemwa na mwimbaji Letta Mbulu wa Afrika Kusini. Katekista wetu alikuwa kijana wakati ule, akifanya kazi mjini, naye husema mpaka leo kwamba watu walijaa barabarani kama siku ya Papa.

Michael alizaliwa mwaka 1958 katika mji wa viwanda vya chuma, Gary, jimbo la Indiana. Baba yake, Joe Jackson, alikuwa akiendesha winchi kiwandani. Aliwafundisha watoto wake kuimba na kucheza, nao wakawa kundi la Jackson 5. Mazoezi yalikuwa makali. Mwaka 1993 Michael alimweleza Oprah Winfrey mbele ya televisheni kwamba alimwogopa baba yake kiasi kwamba pengine akimwona tu alitapika. Na baba hakukana. Mwaka 2003 alikubali mbele ya kamera kwamba alimchapa kwa fimbo na mkanda. Mwaka 2010, mwanawe akiwa amekwisha kufa, alisema hajuti, maana watoto wake hawakuingia gerezani. Joe Jackson alikufa tarehe 27 Juni 2018, hata miezi mitatu haijatimia tangu jina lake litajwe katika chumba cha Teddy Perkins.

Juu ya Marvin Gaye nitasema kidogo tu, kwa kuwa kisa chake kinatisha. Baba yake alikuwa mhubiri. Tarehe 1 Aprili 1984, nyumbani kwao Los Angeles, baba huyo alimpiga mwanawe risasi akamwua, siku moja kabla hajatimiza miaka 45. Teddy Perkins amtaja baba huyu katika shukrani zake, pamoja na wengine, bila kutikisa sauti. Wamarekani waliojua habari hiyo walisema hapo ndipo damu ilipowaganda. Sisi hatukuijua, tukapita tu. Niliisoma baadaye.

Lakini nina neno la kumlaumu mtunzi, nami nalisema kwa sababu magazeti mengi niliyoyasoma yalimsifu moja kwa moja. Michael Jackson alieleza mwaka 1993 kwamba weupe wake ulitokana na ugonjwa wa ngozi, ule tuuitao mbalanga, na madaktari waliompima maiti mwaka 2009 waliukuta kweli. Mchezo humfanya mtu mwenye ngozi ya namna hii kuwa zimwi. Najua watetezi watasema Teddy si Michael. Sawa. Ila katika misa yetu ya pili huketi dada mmoja mwenye mbalanga usoni na mikononi, na watoto humkimbia. Sikupenda kufikiri kwamba wale vijana waliokuwa nasi ofisini wangekutana naye kesho yake njiani wakacheka. Nililisema hilo usiku ule ule, kijana wa kompyuta akanyamaza.

Na juu ya mashtaka mengine mazito yaliyomwandama Michael, mahakama ilimwachilia mwaka 2005, na ubishi haujaisha. Siyo habari ya leo.

UBISHI WETU OFISINI

Sasa nikwambie kwa nini katekista alikasirika. Hakuogopa yai wala uso. Alikasirishwa na Darius. "Huyu kijana," alisema, "amekwenda nyumbani kwa watu kuomba kitu cha bure, kisha amfundisha mwenye nyumba kumsema vibaya baba yake!" Akatuambia kwamba wazee walinena, mchelea mwana kulia hulia yeye. Akauliza, "Bila ile fimbo, huyo Michael mngemjua ninyi? Angekuwa kibarua wa chuma kama baba yake."

Kijana akajibu kwa adabu, "Babu, lakini hayo ndiyo maneno ya Teddy."

Kimya. Kusema kweli mzee hakupenda kufananishwa na yule mtu wa nta, na mimi nilimwonea huruma. Yeye si mkatili. Amefundisha katekisimu watoto wa vijiji vitatu kwa miaka arobaini, na nusu ya wazazi wa parokia hii wamepita mikononi mwake. Akasema, "Basi niambieni. Mtoto asipochapwa, atajuaje?" Hakuna aliyekuwa na jibu tayari. Mama wa kwaya akasema polepole, bila kumtazama mtu, kwamba yeye aliacha shule darasa la tano kwa ajili ya fimbo, na kwamba alikuwa akipenda hesabu.

Mimi nilikaa kimya, na sababu yangu nitaitoa. Ninaye mwana wa miaka kumi na mmoja, nami humfundisha kinanda. Parokia yetu inacho kinanda kimoja cha umeme, na mpigaji wake ni mimi, na hakuna mwingine. Mwaka jana tulitazamia ugeni wa Askofu kwa Kipaimara. Nikataka mwanangu apige wimbo wa matoleo mbele ya Askofu. Nilijiambia ni kwa utukufu wa Mungu. Kila jioni nilisimama nyuma yake na rula ya ofisi, akikosea nilimgonga vidole. Siku ya sikukuu alipiga bila kosa. Watu walinishika mkono mimi. Nakumbuka vizuri kwamba walinishika mkono mimi, yeye alikuwa amekwisha kutoka nje.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakolosai kuwaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao wakavunjika moyo. Nimelisoma somo hilo kanisani mara nyingi, kwa sauti nzuri, kila Sikukuu ya Familia Takatifu linapofika.

Kuna habari moja ya Michael ambayo sikuijua usiku ule, nami ningependa ningaliijua nikamweleza katekista. Machi 2001 alikwenda Oxford, Uingereza, akahutubia wanachuo. Alisema juu ya baba yake tena, lakini safari hii kwa namna nyingine. Alisimulia kwamba alipokuwa mtoto mdogo baba yake alimwinua siku moja akampandisha juu ya farasi mdogo, jambo la dakika chache ambalo baba huenda alilisahau papo hapo, naye hakulisahau maisha yake yote. Tena alisimulia kwamba alipenda sana maandazi ya sukari, na mara kwa mara alipoamka alikuta mfuko wa maandazi hayo jikoni, bila barua, bila neno. Baba alikuwa ameyaweka. Alisema amemsamehe, akakumbuka kwamba huyo baba naye alikulia katika umaskini wa kusini, kwa baba mkali. Aliyesema hayo alikuwa mtu wa miaka 42, aliyeuza nyimbo dunia nzima, na katika hotuba yake mbele ya wasomi alisimama akikumbuka maandazi.

Nilimsomea katekista habari hiyo wiki mbili baadaye, tukiwa tumekaa nje ya sakristia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama huyo Joe aliisikia hotuba ile. Nikasema sijui. Akasema, "Angalimpelekea barua," kisha akainuka kwenda kugonga kengele ya saa kumi na mbili. Hakuniambia kama amebadili mawazo, nami sikumwuliza.

Mwanangu bado anajifunza. Nilimwuliza kama anataka kuendelea, akasema kinanda akipenda, ila hapendi nikisimama nyuma. Basi sasa hukaa benchi la mlangoni, mbali, na rula nimeiacha ofisini kwenye kazi yake ya kupigia mistari. Huwa nasikia akikosea. Katika ile Bwana utuhurumie hukosea mahali pale pale, kila mara, na mara mbili nimejikuta nimesimama. Mara ya pili aligeuka akaniona, nikajifanya natafuta kitabu cha ubatizo.

Kijana amerudi chuoni na kompyuta yake. Mama wa kwaya, yeye aliyekuwa amejifunika uso, asema haukuona mwisho sawasawa. Juzi alinisimamisha njiani akaniuliza kama yule kijana wa lori aliipata piano yake. Nikamwambia hakuipata, polisi waliiondoa. Akasikitika sana.